"Nitakipiga mpaka vidole vizoee": dhana zinazowachelewesha wapiga piano wa ridhaa

Mtumishi mmoja wa umma anayeishi mtaa wa Kisasa aliniambia hivi karibuni, tena kwa fahari, kwamba kwa miezi mitano amekuwa akipiga kipande cha mtunzi Chopin kiitwacho Fantaisie-Impromptu kila jioni, kuanzia nota ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kasi ileile anayoisikia kwenye rekodi, na kwamba sasa anasubiri tu vidole vizoee. Hapa Dodoma nimeyasikia maneno hayo kwa walimu, kwa wahasibu na kwa wapiga kinanda wa kwaya, kiasi kwamba siku hizi huyajibu kabla hayajamalizika.

Vidole huzoea, lakini huzoea chochote vinachopewa, makosa yakiwemo. Katika sehemu ya kasi ya kipande hicho, karibu kila pigo lina nota nne katika mkono wa kulia na tatu katika mkono wa kushoto. Ukiligawa pigo katika sehemu 12 zilizo sawa, mkono wa kulia huingia kwenye sehemu ya 1, 4, 7 na 10, na wa kushoto kwenye ya 1, 5 na 9, yaani mikono hukutana mwanzoni tu mwa pigo. Anayekimbilia kasi kabla ya kuusikia mgawanyo huo huupinda mkono mmoja ili uufuate mwingine, na baada ya miezi mitano anaujua upindaji huo barabara. Isitoshe, kwa kuwa kila akikosea hurudi mwanzo, ukurasa wa kwanza huwa ameupiga mara mamia ilhali wa mwisho bado anaubahatisha.

Njia ninayoisisitiza haina mvuto. Chukua vipimo viwili (visehemu vinavyotenganishwa na mistari wima kwenye karatasi ya nota), uvigonge mezani kwa viganja mpaka tatu na nne zikae mahali pake, kisha piga kila mkono peke yake, halafu yote miwili kwa nusu ya kasi ukiongozwa na metronomu, kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi uliyoipanga, na usiongeze kasi hata kidogo kabla hujavipiga mara tatu mfululizo bila kosa. Kesho yake usianzie mwanzo; anzia pale panapokutisha. Mimi huwakataza wanafunzi wangu pia kusikiliza rekodi katika hatua hii, ingawa walimu wenzangu kadhaa huniona mkali kupita kiasi.

Kuhusu dhana kwamba mtu mzima amechelewa kujifunza, sina subira ya kueleza mengi: kinachomzuia mtu wa miaka 45 kwa kawaida ni saa za mazoezi, wala si ugumu wa viungo.

Wapo wanaoamini kwamba kinanda cha vitufe 61 kinatosha kwa kila kitu kwa sababu kinatosha kanisani. Wafungue ile sonata ya Beethoven inayoitwa ya Mbalamwezi, Opus 27 Namba 2, iliyochapishwa mwaka 1802: katika kipimo cha pili tu, mkono wa kushoto unadai nota B ya chini ambayo kinanda hicho, katika mpangilio wake wa kawaida, hakina. Anayetaka vipande vya aina hii atafute piano ya vitufe 88, na ikiwa ni ya umeme, vitufe viwe na uzito kama vya piano halisi.

Maumivu ya mkono nayo huchukuliwa kuwa dalili ya bidii. Mtunzi Robert Schumann aliumia mkono wa kulia akiwa kijana, na ndoto yake ya kuwa mpiga piano ikaishia hapo. Mkono ukiuma, funga piano.

Ya mwisho ni dhana kwamba kupiga hadharani ukiwa na karatasi ya nota mbele yako ni aibu. Enzi za Beethoven kupiga kwa kutazama nota lilikuwa jambo la kawaida. Desturi ya kupiga kwa kukariri ilienea katika karne ya 19 kupitia wapigaji kama Liszt na Clara Schumann. Mwanafunzi anayeniambia amekariri, humwekea alama sita ndani ya kipande, nikataja namba yoyote naye aanzie hapo papo kwa papo. Akilazimika kurudi mwanzo ili afike kwenye alama ya nne, siku ya onyesho atapiga akiwa na karatasi, na nitakaa pembeni yake kumfungulia kurasa.