Asilimia 40 kwenye ripoti sio hukumu

Kila msimu wa mitihani yanarudi maneno yaleyale kuhusu wizi wa kazi, udanganyifu na maksi, walimu wanayasema na wanafunzi pia wanayaamini, na mengi sio kweli.

"Turnitin imetoa 40%, huyu kaiba." Hapana jamani. Turnitin ni programu ya kulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine. Ile namba inaonyesha maandishi yanayofanana na yaliyomo kwenye hifadhi yao, basi, hata Turnitin wenyewe wanasema haipimi wizi. Fungua ripoti usome. Unakuta rangi za kuonyesha palipofanana zimejaa kwenye orodha ya marejeo, kwenye maswali ya mwalimu ambayo mwanafunzi kayakopi juu ya kila jibu, na kwenye nukuu zenye alama zake kabisa. Halafu mwenzake ana 6% tu, ila hiyo 6 ni aya nzima kaibeba kama ilivyo bila kumtaja aliyeiandika, na huyo ndo mwenye kesi.

"Siku hizi kuna programu ya kukamata kazi za AI (akili bandia)." Hapa ndo watu wanaumizwa. OpenAI, haohao wa ChatGPT, walitoa ya kwao Januari 2023, ikawa inakamata 26% tu ya maandishi ya mashine na kusingizia 9% ya yale ya watu, Julai wakaifunga. Mwaka huohuo watafiti wa Stanford wakajaribu programu 7 kwa insha za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni) za watu ambao Kiingereza sio lugha yao, zaidi ya nusu zikaambiwa ni za mashine! Yaani ukiandika sentensi nyepesi unageuka roboti. Mi naona bora umwite mwanafunzi, alete rasimu zake, muulize aya ya tatu alimaanisha nini, dakika 10 zinatosha kukuonyesha kama kazi anaijua.

"Ukimshika na kikaratasi cha majibu kwenye mtihani mtoe nje." Vyuo vingi utaratibu ni kuchukua kikaratasi, kuandika saa na ulichokiona, anaendelea na mtihani, kamati itaamua. Maana akionekana hana kosa, ule mtihani utamrudishiaje?

"Anapiga kelele darasani, nitamkata maksi." Maksi zinapima anachokijua. Kelele ni nidhamu, ina njia yake.

Na hii ya "kaibia ila nimemsamehe kimyakimya, ni huruma". Huruma kwa nani, wakati mwenzake wa darasa lingine kafelishwa kwa kosa lilelile? Tena hakuna rekodi, akirudia mara ya tatu kwa mwalimu mwingine bado inahesabika ya kwanza.