Mtoro wa kifalme kwenye shela: mchezo wa redio wa wasafiri wa wakati Unguja ya 1859

Waandishi wengi wakitaka kutunga mchezo wa redio wa kuchekesha kuhusu wasafiri wa wakati walioingilia mambo ya masultani wetu, moja kwa moja wanakimbilia 27 Agosti 1896, manowari za Waingereza zinapiga jumba la Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani, na ndani ya dakika arobaini hivi kila kitu kimekwisha. Mimi ningeiacha hiyo. Waliouawa na kujeruhiwa pale ni kama watu 500, utachekesha wapi hapo, halafu mizinga ikishaanza kulia msikilizaji hamsikii mtu tena.

Rudini nyuma mpaka Oktoba 1859. Sultani Seyyid Said alishafariki baharini 1856, mwanawe Majid ndo anatawala Unguja, na mdogo wake Barghash anataka kiti. Njama inapikwa na ndugu zake wa kike nao wamo, Bi Khole na Bi Salme, Salme ana miaka 15 tu na ndiye anawaandikia barua kwa sababu kuandika anajua. Majid akagundua, nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Usiku dada wawili wakaenda na msafara wa wanawake, wakaingia, wakamtoa Barghash amevaa nguo za kike, yaani kajifunika shela imebaki macho tu, na wakachagua wanawake warefu kuliko wote watembee naye bega kwa bega ili urefu wake usimchongee! Haya kayaandika Salme mwenyewe kwenye kumbukumbu zake zilizochapwa Ujerumani 1886.

Sasa kwa nini nasema tukio hili limezaliwa kwa ajili ya redio. Walipozuiwa mlangoni, wale mabibi walivunja desturi wakaongea wenyewe na mkubwa wa askari. Binti wa sultani kumsemesha mwanamume wa nje usiku ule ni jambo zito mno, askari wakapigwa na butwaa wakawapisha kwa heshima. Sauti ndo iliyofungua mlango. Kwenye filamu ungehangaika na mavazi na taa, huku kwetu unampa mwigizaji wa Salme maikrofoni kwa karibu kabisa, kimya kinatanda, anaongea. Tafadhali msiwafanye wale askari wajinga, waliona aibu ya kiungwana, na kicheko kinakuwa kikubwa zaidi msikilizaji akiwaheshimu.

Wasafiri wangu ni wawili na kila mmoja ana sababu ya kweli, kwa maana ukiweka mwema na mbaya mchezo unakufa mapema. Mmoja ni dalali wa vitu vya kale anayetaka Barghash apate kiti miaka 11 kabla ya wakati wake, ili Beit el Ajaib, lile jumba lake la maajabu, ijengwe mapema badala ya kungoja 1883. Mwingine ni mwalimu wa historia, anataka Barghash akamatwe palepale mlangoni ili yale mapigano ya shamba la Marseilles, wafuasi wa Barghash na jeshi la Majid baada ya kutoroka kwake, yasitokee na watu wasife. Wote wamejificha kwenye msafara uleule, wote ndani ya shela, hakuna anayejua mwenzake ni yupi, na kila mmoja anamnong'oneza mwanamke mrefu wa pembeni yake akidhani ndo Barghash. Mwalimu anapiga kelele askari wasikie, kumbe kelele yake ndo inamsukuma Salme aongee. Hiyo ndo injini yote: kila wanachokivuruga kinaleta historia ileile iliyopo.

Kwenye sauti kuweni wakali. Hakuna saa ya mnara kugonga, hakuna injini, weka mawimbi, nyayo nyingi kwenye kichochoro chembamba, na mashine yao ipewe mlio mmoja mfupi usiobadilika mpaka mwisho.

Marseilles mimi siendi na vichekesho. Episodi ya mwisho narukia Barghash anaposalimu amri na kupelekwa Bombay, dalali anapanda naye chombo akidhani wanaelekea kutawazwa, na anamuuliza safari itachukua muda gani. Majid alikufa 1870, ndo Barghash akakalia kiti bila kusukumwa na msafiri yeyote.