Vifungo vya Kijeshi katika Mchanga wa Shela: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu akiokota kifungo cha shaba chenye taji kwenye vilima vya mchanga vya Shela, kisiwani Lamu, mara nyingi huambiwa kuwa ni mabaki ya Vita vya Shela. Dhana hiyo haina msingi. Vita hivyo, vya mwanzoni mwa karne ya 19, vilikuwa kati ya watu wa Lamu na majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa, na hakuna hata upande mmoja uliovaa makoti ya jeshi la Uingereza.

Wengine hudhani kwamba kila kifungo chenye taji kilikuwa cha mwanajeshi, ilhali polisi na askari jela wa serikali ya kikoloni nao walivaa sare zenye vifungo vya chuma, na Ngome ya Lamu yenyewe ilikuwa gereza kwa miaka mingi, hadi 1984. Tena makabuti ya jeshi yaliyokwisha kutumika yaliuzwa, yakaishia mabegani mwa mabawabu. Kwa hiyo kifungo hutueleza koti lilishonewa nani, wala hakitwambii nani alilivaa mwisho. Nembo ya nanga kwenye kifungo nayo isituharakishe kusema ni cha mwanamaji wa kivita: ni kweli kwamba wanamaji wa Uingereza walishuka pwani hii mwaka 1890 kwenda kuushambulia usultani wa Witu, lakini hata mabaharia wa meli za biashara walivaa nanga.

Kosa linalonisikitisha zaidi ni kukadiria umri kwa kutazama taji peke yake. Katika vifungo vya wafalme wa 1901 hadi 1952, matao ya taji hupanda yakawa ya mviringo. Katika vile vya Malkia Elizabeth wa Pili, matao hubonyea katikati. Ila taji la Malkia Victoria nalo hubonyea, na aliyeharakisha huweza kukosea kwa zaidi ya nusu karne. Ni lazima kukigeuza kifungo na kusoma nyuma, kuzunguka kikuku cha kushonea, ambako mara nyingi jina la mtengenezaji na mji wake, kama London au Birmingham, limepigwa mhuri. Nambari ya kikosi ikionekana usoni ni dalili njema ya umri mkubwa, kwa kuwa tangu 1871 askari wa kawaida wa miguu wa Uingereza walipewa kifungo cha aina moja chenye nembo ya kifalme, simba upande mmoja na farasi wa pembe moja upande wa pili, na kifungo hicho hakitaji kikosi chochote.

Maandishi hayo ndiyo yanayopotea kwanza pale mtu anaposugua kifungo kwa ndimu na majivu kama sinia ya shaba. Msuguo huondoa mchovyo wa dhahabu pamoja na herufi, na tindikali hula shaba iliyo chini yake. Maji baridi yasiyo na chumvi na brashi laini yanatosha, kisha kikaushwe vizuri na kuwekwa pakavu. Unga wa kijani hafifu ukirudi, chumvi ya bahari ingali inakila.

Mwisho, si kweli kwamba aliyeokota ndiye mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi inamtaka aliyegundua kitu cha kiakiolojia atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa ndani ya siku 7, na kuchimba ili kutafuta vitu vya kale kunahitaji leseni, hata kwa mwenye mashine yake ya kutambua vyuma.