Rejista ya Wanachama wa Klabu ya Huduma: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Klabu za huduma kwa jamii huzilinda fedha zao kwa makini: kuna mweka hazina, kuna mkaguzi, na kuna taarifa inayosomwa kikaoni. Rejista ya wanachama haipati hata nusu ya uangalizi huo, ingawa ndiyo inayoamua nani ana kura, nani anadaiwa ada, nani anaweza kugombea uongozi na nani anastahili kujulishwa mambo ya klabu. Dhana zinazojadiliwa hapa husikika katika klabu kubwa na ndogo, na karibu zote zina mzizi mmoja: rejista huchukuliwa kuwa orodha ya kumrahisishia katibu kazi, ilhali ni ushahidi wa haki za watu waliojitoa kuwahudumia wenzao.

Dhana potofu: Rejista ni orodha ya majina na namba za simu.

Orodha ya majina hujibu swali moja tu, yaani nani yuko nasi, na hulijibu kwa ile siku iliyoandikwa. Rejista hujibu maswali mazito zaidi: mwanachama huyu aliingia lini, kwa azimio la kikao gani, akiwa mwanachama wa aina gani, alihama au kujiuzulu lini, na nani alithibitisha jambo hilo. Kwa hiyo kila badiliko huandikwa katika mstari wake wenye tarehe, na mstari wa zamani huachwa ulivyo. Mtu aliyejiunga, akaondoka kwa sababu za kazi na kurudi baada ya miaka minne ana vipindi viwili vya uanachama. Klabu iliyobaki na tarehe moja tu ya kujiunga itamhesabia miaka ambayo hakuwapo, au itamnyima ile aliyoitumikia. Kasoro hiyo haionekani hadi siku ya kutunuku nishani za utumishi, au siku ambapo katiba inamtaka mgombea awe amekamilisha muda fulani na wagombea wawili wanabishana mbele ya mkutano mzima.

Ndani ya dhana hii imejificha nyingine, kwamba jina linatosha kumtambulisha mtu. Halitoshi. Watu wawili huweza kuwa na majina yaleyale, mtu mmoja huandikwa Mohamed katika daftari moja na Muhammad katika jingine, na wapo wanaobadili majina baada ya kufunga ndoa. Kila mwanachama apewe namba isiyobadilika, ambayo hatapewa mtu mwingine hata yeye akiondoka. Rotary na Lions, mitandao ya kimataifa ya klabu za huduma, hufuata utaratibu huo duniani kote, na mwanachama anayehamia klabu nyingine huenda na namba yake ileile. Katibu anayempokea aiulize namba hiyo kwanza, kwa kuwa kumsajili upya kama mgeni humkatia historia yake na kumfanya aonekane katika kumbukumbu za makao makuu kama watu wawili tofauti.

Dhana potofu: Wanachama wengi kwenye karatasi huipa klabu heshima.

Kwa maoni yangu, hakuna dhana inayozigharimu klabu kuliko hii. Viongozi huona haya kuripoti kwamba idadi imeshuka katika kipindi chao, kwa hiyo majina ya watu walioacha kuhudhuria zamani huachwa yakae, mwaka baada ya mwaka, kwa matumaini kwamba huenda wakarudi.

Gharama ya kwanza ni ya fedha. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, huziandalia klabu ankara mara mbili kwa mwaka kulingana na idadi ya wanachama waliosajiliwa tarehe 1 Julai na tarehe 1 Januari. Mwanachama aliyejiuzulu Mei, ambaye jina lake halikuondolewa hadi Agosti, tayari amehesabiwa, na klabu itamlipia nusu mwaka kwa fedha za wanachama waliobaki. Ndiyo maana katibu makini huyapitia majina yote wiki chache kabla ya tarehe hizo pamoja na mweka hazina, badala ya kusubiri ankara ifike ndipo aanze kulalamika.

Gharama ya pili ni ya utawala, nayo huumiza zaidi kwa sababu hutokea mbele ya watu. Tuchukue klabu ambayo katiba yake inataka akidi, yaani idadi ya chini ya wahudhuriaji inayoufanya mkutano uwe halali, ya theluthi moja ya wanachama hai. Rejista ina majina 48, lakini 12 kati ya hayo ni ya watu waliokwisha kuondoka. Katika mkutano mkuu wanahudhuria 14. Kwa rejista iliyosafishwa, wanachama hai ni 36, akidi ni 12, na mkutano ni halali. Kwa rejista iliyopo, akidi ni 16, na kila kilichopitishwa siku hiyo, kuanzia bajeti hadi uchaguzi, kinaweza kupingwa na mtu yeyote asiyeridhika na matokeo. Watu 14 waliotenga muda wao watakuwa wamekutana bure kwa sababu ya majina ambayo hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuyashughulikia.

Tena idadi ya uongo huificha klabu hali yake yenyewe. Anayeondoka huwa na sababu: ada imemlemea, saa za vikao hazimfai, amehama mji, au hakupewa kazi yoyote tangu alipoapishwa. Sababu hiyo ikiandikwa kwa maneno machache pembeni ya tarehe ya kuondoka, baada ya miaka michache kamati ya uanachama itakuwa na kitu cha kuchunguza. Pasipo kuandikwa, kila uongozi mpya hubuni maelezo yake.

Dhana potofu: Aliyeondoka afutwe kabisa, au ahifadhiwe kabisa.

Kuna makatibu wanaofuta mstari mzima mtu anapoondoka, na kuna wanaotunza kila kitu milele. Wote wamekosea, kwa kuwa taarifa za mwanachama hazina umri mmoja. Jina lake, namba yake, tarehe za kuingia na kutoka na nyadhifa alizoshika ni sehemu ya historia ya klabu na hubaki. Anwani ya nyumbani, namba ya simu ya ndugu wa kupigiwa wakati wa dharura, maelezo ya afya yaliyotolewa kwa ajili ya safari ya mradi: hayo yalikabidhiwa kwa kazi maalumu, na kazi hiyo ikiisha hayana sababu ya kuendelea kukaa. Kumbukumbu za malipo hufuata muda uliowekwa na sheria za fedha za nchi husika, na mahali pake ni kwenye vitabu vya mweka hazina.

Mwanachama anapofariki, badiliko liingizwe kwenye rejista siku ileile ambayo klabu imethibitisha habari, na mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kuhakikisha kwamba jina limeondolewa kwenye kila orodha ya kutuma ujumbe. Familia iliyofiwa inayopokea ukumbusho wa ada wa marehemu inajeruhiwa mara ya pili, na jeraha hilo lingeweza kuepukwa kwa kazi ya dakika tano.

Dhana potofu: Kila aliye kwenye orodha ana haki sawa.

Aina za uanachama zina maana ya kikatiba. Katika Rotary, kwa mfano, mwanachama wa heshima halipi ada, hapigi kura wala hashiki wadhifa katika klabu, kwa hiyo kumchanganya na wanachama hai huharibu hesabu ya ada na ya akidi kwa pamoja. Safu ya aina ya uanachama isiachwe wazi hata kwa mtu mmoja.

Kwa upande mwingine, wapo wanaonyimwa hadhi wanayostahili. Bado kuna rejista zinazomweka mke wa mwanachama katika mstari wa mumewe, kana kwamba ni maelezo ya ziada, ingawa Lions na Kiwanis, mtandao mwingine wa klabu za huduma, ziliwafungulia wanawake uanachama mwaka 1987, na Baraza la Kutunga Sheria la Rotary likaiondoa kanuni iliyowazuia mwaka 1989. Hata pale ambapo ada hupunguzwa kwa familia, kama ilivyo katika mpango wa familia wa Lions, kila mmoja ni mwanachama kamili mwenye kura yake. Uhusiano wa kifamilia uonyeshwe kwa kutaja namba ya mwenzake katika safu maalumu.

Dhana potofu: Tukipata programu nzuri, tatizo litakwisha.

Programu huhifadhi kile ilichopewa. Klabu isiyojua nani ni mwanachama kwenye karatasi haitajua kwenye kompyuta, na kuhamisha fujo kutoka daftarini hadi kwenye mfumo mpya huipa fujo hiyo sura ya usahihi. Klabu yenye watu 30 inaweza kujitosheleza kwa lahajedwali moja iliyopangwa vizuri, mradi wanaoitumia wanafahamu hatari zake. Excel, programu ya lahajedwali, huondoa sifuri ya mwanzo ya namba ya simu ikiwa safu haikuwekwa kuwa ya maandishi. Tarehe iliyoandikwa 03/04 husomwa kuwa tarehe 3 Aprili kwenye kompyuta moja na Machi 4 kwenye nyingine, hivyo ni salama kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Hatari kubwa kuliko zote ni kupanga upya safu moja peke yake kwa alfabeti, kwa kuwa majina husogea huku simu na tarehe zikibaki mahali pake, na ndani ya sekunde moja kila mtu huwa na taarifa za mwenzake bila faili kutoa onyo linaloeleweka na mtumiaji mwenye haraka.

Nakala rudufu iwekwe mahali tofauti na faili lenyewe, na angalau mara moja kwa mwaka ifunguliwe ili kuthibitisha kwamba inasomeka.

Dhana potofu: Rejista ni ya katibu.

Katibu ni mtunzaji. Mwenye rejista ni klabu. Tofauti hiyo hudhihirika siku ya makabidhiano, ambayo kwa Rotary na Lions huja na mwaka mpya unaoanza tarehe 1 Julai, na kwa Kiwanis tarehe 1 Oktoba. Ikiwa faili limo kwenye kompyuta binafsi ya katibu anayeondoka, na akaunti ilifunguliwa kwa barua pepe yake mwenyewe, klabu itategemea hisani yake, na hisani hupungua pale uchaguzi ulipoacha machungu. Akaunti ifunguliwe kwa anwani ya klabu, viongozi wawili wawe na idhini ya kuifungua, na nywila zibadilishwe uongozi unapobadilika.

Zaidi ya hayo, klabu nyingi huwa na rejista nne bila kujua: ya katibu, ya ada kwa mweka hazina, ya makao makuu, na kundi la WhatsApp. Hii ya mwisho ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu kuwamo kwenye kundi huonekana kama uanachama na kujitoa huonekana kama kujiuzulu. Si kimojawapo. Uanachama huanza na kukoma kwa njia iliyoandikwa kwenye katiba, kwa kawaida barua au azimio la bodi. Chagua rejista moja iwe ya asili, kisha zile nyingine zilinganishwe nayo kila robo mwaka, jina kwa jina, na kila tofauti ielezwe.

Dhana potofu: Sisi ni klabu ndogo ya kujitolea, sheria za taarifa binafsi hazituhusu.

Sheria nyingi za namna hii hazitazami faida. Kanuni ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 husamehe shughuli za mtu binafsi na za nyumbani kwake, na klabu haimo katika msamaha huo. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 2019 na Tanzania mwaka 2022. Kiini cha sheria hizi kinafanana: omba taarifa unazozihitaji tu, sema utazitumiaje, zilinde, na mwonyeshe mhusika zake akiziomba. Kosa la kawaida kabisa ni kutuma barua pepe moja kwa wanachama wote huku anwani zao zikionekana kwa kila mpokeaji. Dini na afya ya mtu ni taarifa nyeti, na fomu nyingi huziuliza kwa mazoea tu. Klabu inayolea vijana iwe na uangalifu wa ziada: Interact, klabu za vijana zilizo chini ya Rotary, huwapokea wenye umri wa miaka 12 hadi 18, na taarifa za watoto hao hazipaswi kuchapishwa kwenye kitabu cha anwani kinachogawiwa kwa kila mtu.

Dhana potofu: Taarifa zikibadilika, wanachama watatuambia.

Hawatatuambia, na si kwa uzembe. Mtu anayebadili namba ya simu hufikiria kwanza kazi yake na jamaa zake. Mara moja kwa mwaka, kabla ya ankara za ada, kila mwanachama atumiwe mstari wake mwenyewe, usio na taarifa za mwingine, na aombwe kuthibitisha au kusahihisha. Tarehe ya uthibitisho iandikwe kwenye rejista ili iwe wazi taarifa zipi ni za mwaka huu na zipi zimezeeka. Asiyejibu asiondolewe kwa kimya chake: apigiwe simu, atafutwe kupitia aliyempendekeza, na ikibidi suala lake lipelekwe kwenye bodi kwa utaratibu wa katiba, akiwa amepewa notisi ya maandishi na nafasi ya kujieleza.