"Utawala wake hautakuwa na mwisho" maana yake nini hasa?

Wakatoliki wanausali huu mstari unaomhusu Kristo kila Jumapili kwenye Nasadiki, yaani kanuni yao ya imani, tena kwa spidi, halafu wanapitiliza kwa Roho Mtakatifu. Kumbe ulishaleta ugomvi mkubwa tu.

Mzizi wake ni mfalme Daudi. Kwenye 2 Samweli 7 nabii Nathani anamwambia kiti chako kitasimama milele, sawa, ila mwaka 586 kabla ya Kristo Wababeli wakaichoma Yerusalemu, mfalme Sedekia akatobolewa macho akapelekwa Babeli kwa minyororo, na baada yake hakuna tena wa ukoo wa Daudi aliyekalia kile kiti. Sasa milele gani hiyo? Wakristo wanajibu na Luka 1, pale malaika Gabrieli anapomwambia Maria mwanae atapewa kiti cha Daudi na ufalme wake hautaisha. Yaani siyo tena mfalme akifa anarithiwa na mwanae, ni mfalme mmoja tu, amefufuka na hafi tena, basi hakuna kurithiwa.

Utata unaanzia kwa Paulo. 1 Wakorintho 15:24 anasema mwishoni Kristo atamkabidhi Baba ufalme, si ndo umeisha huo? Karne ya 4 askofu Marcellus wa Ancyra, ndo Ankara ya leo kule Uturuki, alishutumiwa kwa kufundisha hivyo hivyo, kwamba ufalme wa Kristo utaisha. Kanuni ya imani waliyoitunga maaskofu kwenye mtaguso wa Nikea mwaka 325 haikuwa na huu mstari, tunaukuta kwenye ile ya Konstantinopoli ya 381, na ni kama umewekwa pale kumjibu yeye.

Mi naona ukisoma mbele kidogo Paulo haongelei kustaafu kabisa, anasema Kristo lazima atawale mpaka maadui wote wawe chini ya miguu yake, wa mwisho mauti, kwa hiyo kinachoisha ni vita. Na Ufunuo 22, mwisho kabisa wa Biblia, kiti cha enzi kipo kimoja, cha Mungu na cha Mwanakondoo, yaani Kristo.

Ile sherehe ya Kristo Mfalme ni ya juzi tu lakini, Papa Pius XI aliianzisha 1925, miaka michache baada ya wafalme wa Urusi, Ujerumani na Austria kung'oka wote.