Elimu ya jeni si ya maabara peke yake
Wapo wauguzi wanaoamini kwamba elimu ya jeni ni ya madaktari bingwa na wataalamu wa maabara, na kwamba wao hawaihitaji wodini. Imani hiyo si sahihi, na selimundu (siko seli), ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, unaonyesha kwa nini. Baba na mama wenye AS, yaani jeni moja ya selimundu na moja ya kawaida, ambao wenyewe hawaugui, wakiambiwa kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo, wengi huelewa kwamba akishazaliwa mmoja mwenye SS (jeni mbili za selimundu, yaani mgonjwa), watatu wanaofuata watakuwa salama. Sivyo: kila mimba huanza hesabu upya, yaani asilimia 25 SS, 50 AS na 25 AA (asiye na jeni ya selimundu), bila kujali waliotangulia. Anayeulizwa kuhusu hesabu hiyo kliniki, mara nyingi na mama aliyebebeshwa lawama na ukoo mzima ilhali mtoto amerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, ni muuguzi. Yeye pia ndiye anayepaswa kujua kwamba himoglobini (protini ya damu inayobeba oksijeni) anayozaliwa nayo mtoto humkinga miezi ya mwanzo, hivyo afya njema katika umri wa miezi 3 haithibitishi kwamba hana selimundu; kinachothibitisha ni kipimo cha damu.