Kupeana mikono si kikao cha amani

Juzi nimepigiwa simu tena na mtu mwenye nia njema na fedha kidogo za mradi. Anataka kuzikutanisha jamii mbili zilizopigana: mashehe na wachungaji waombe dua, vijana wacheze mpira, wazee wakumbatiane mbele ya kamera. Nikamuuliza watazungumza nini. Akanijibu, "Hatutaki kufukua makaburi. Yaliyopita si ndwele." Jibu hilo nimelisikia kwa machifu, kwa maafisa wa kaunti, kwa wafadhili na kwa watu ninaowaheshimu sana. Nimechoka nalo, kwa sababu yaliyopita ndiyo ajenda yenyewe. Ukiyaondoa, hao watu umewaitia nini?

Wengi wetu katika kazi hii ya kupatanisha nchini Kenya tumefunzwa kwa mfano wa Wajir, kaskazini-mashariki mwa nchi, na mfano huo husimuliwa nusu. Utaambiwa kwamba koo za Kisomali ziliuana mwanzoni mwa miaka ya 1990, akina mama wakasimama, wazee wakatoa Azimio la Al Fatah, mapatano yao ya amani, mwaka 1993, amani ikarudi. Kinachorukwa ni soko. Dekha Ibrahim Abdi, mwanaharakati wa amani wa Wajir, na wanawake wenzake walianza na jambo ambalo mtu angeweza kulikagua kwa macho: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue sokoni bila kufukuzwa wala kunyimwa bidhaa. Wakaweka watu wa kulifuatilia. Ndipo wakawaendea wazee, na kazi ya kuongoza mazungumzo ikapewa wazee wa koo ndogo ambazo hazikuwa na mkono katika vita. Azimio lilikuja juu ya kazi hiyo. Baada yake kukawa na kundi la kukimbilia kila tukio kabla halijawa vita: wazee, akina mama, watu wa dini na maafisa wa usalama wakienda pamoja. Siku ya azimio ilikuwa siku moja tu katika mlolongo mrefu.

Kuna jingine linalorukwa, na hili ndilo linaloniudhi zaidi. Watu walioambiwa wapatane walikuwa na kesi yao dhidi ya serikali. Kaskazini-Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu miaka ya 1960 hadi 1991. Februari 1984, wanaume wa Degodia, mmoja wa koo za Kisomali za Wajir, walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Idadi yao inabishaniwa hadi leo. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali, na wao peke yao, walitakiwa kuhojiwa upya na kubeba kadi ya kuthibitisha uraia wao. Sasa fikiria mkuu wa wilaya anasimama barazani, ananyoosha kidole kwa koo mbili, anaziambia ziache chuki. Waliokaa chini wanajua ni nani hajatajwa. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika habari za Wagalla katika ripoti iliyomfikia rais Mei 2013, lakini bado nakutana na waandaaji wanaotaka serikali iwe mgeni rasmi tu, isiwe upande wowote katika mazungumzo. Ubaguzi uliofanywa kwa sheria na kwa bunduki hauwezi kugeuzwa ugomvi wa majirani.

Hata ugomvi wa majirani wenyewe hauishi kwa dua peke yake. Katika kikao kimoja Bonde la Ufa, miaka kadhaa baada ya machafuko ya 2008, mama mmoja alisimama akasema hana neno na mtu. Kisha akaongeza: mabati ya nyumba yake yapo juu ya paa la jirani, na anayatambua, kwa sababu moja lina rangi ya bluu ambayo marehemu mumewe alimwagikiwa nayo akipaka dirisha. Anayaona kila asubuhi akienda kuteka maji. Mwenyekiti akamwomba akae, leo ni siku ya amani. Nikaomba aendelee. Jirani akasema aliyanunua kwa vijana waliokuwa wakiyauza barabarani. Yakaanza mabishano marefu: mabati mangapi, ya geji gani, bei ya wakati ule au ya sasa, na ikiwa vijana wale wanajulikana, kwa nini alipe yeye peke yake. Waandaaji walikuwa wanatokwa jasho. Kwangu mimi kikao kilikuwa ndiyo kwanza kimeanza. Walikubaliana alipe kidogo kidogo kila mavuno, na familia mbili za vijana wale zichangie. Mikono walipeana siku ya malipo ya kwanza, na hakuna aliyewaagiza.

Mengine ni mepesi. Nauli iwe sawa kwa wote na itangazwe mapema. Mahali pasiwe pa upande mmoja. Vijana wapewe nafasi ya kusema, si jezi tu.

Gumu ni fidia. Azimio la Modogashe la 2001, makubaliano ya amani ya jamii za wafugaji wa kaskazini, liliweka ngamia au ng'ombe 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Nimeona jinsi hesabu inayojulikana mapema inavyozuia kisasi. Hilo siwezi kulikana. Lakini ninayedai haki nawezaje kukaa kimya mwanamke akihesabiwa nusu? Tena anayelipa ni ukoo mzima, na muuaji huendelea kuchunga mifugo yake. Katiba, kifungu cha 159, inaruhusu njia za kimila mradi zisivunje Haki za Binadamu zilizomo ndani yake, na sioni jinsi hesabu hii inavyopita hapo. Naijua pia hatari ya kuivunja usiku ule vijana wa marehemu wanasubiri jibu la wazee. Sijapata njia inayoniridhisha. Ninachofanya ni kuomba mambo mawili kabla mifugo haijatajwa: wanawake wa familia iliyofiwa wawemo ndani wakisema, na jina la muuaji lipelekwe polisi kwa maandishi. La kwanza wazee hulikubali mara nyingi. La pili hulikataa, nami huliomba tena kikao kinachofuata.